Tulipomfungia ili Aache Gongo Alianza Kuweweseka: Je, Amelogwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 34 na ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga, Kigoma. Kwa miaka mingi amekuwa akinywa gongo tangu alfajiri, na wakati wa mbalamwezi, mitumbwi isipokwenda ziwani, hunywa mchana kutwa. Mwezi uliopita tulimfungia chumbani ili aache. Siku ya pili alitetemeka, akatokwa na jasho jingi, akaanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho, na usiku akawa anazungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Ndugu walisema amelogwa. Tulipompa gongo, akatulia. Nifanye nini?
Mama, Katonga

JIBU: Mama yangu, pole sana. Mwanao hakulogwa, wala hakuwa akiigiza ili apewe pombe. Alikuwa katika hatari ya kufa, na nashukuru kwamba bado mnaye.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoeza kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana nayo, kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa na mwenzake upande wa pili. Pombe ikikatwa ghafla, aliyeegemea ameondoka, na anayesukuma huanguka na mlango. Kutetemeka na kutokwa na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, kifafa hutokea mara nyingi ndani ya saa 48, na kuweweseka huja kati ya siku ya pili na ya nne. Gongo ilimtuliza kwa sababu iliurudishia ubongo kile ulichokizoea. Hata hivyo, malaria nayo huleta homa na kuweweseka, kwa hiyo hali kama hiyo ikitokea tena ni lazima apimwe.

Msimfungie tena, na asiache ghafla akiwa nyumbani. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni aachishwe chini ya uangalizi, ambako hupewa dawa za kutuliza ubongo zinazopunguzwa siku hadi siku kwa takribani wiki moja, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa namna hii hula kidogo na upungufu wake unaweza kumharibia kumbukumbu na mwendo moja kwa moja. Ini lake pia lichunguzwe.

Wiki hiyo ndiyo nyepesi. Baada yake tamaa ya pombe hubaki kwa miezi mingi, na kwake yeye naiogopa zaidi mbalamwezi, wakati ana fedha za mavuno mkononi na hana kazi. Akikubali mwenyewe, zungumzeni na mwenye mtumbwi ili sehemu ya malipo itunzwe na mtu anayemwamini, na siku hizo apangiwe shughuli mbali na vilabu, pamoja na kuonana na mshauri wa hospitali. Akirudia kunywa, msimtukane wala kumfukuza. Mrudisheni kwenye matibabu.

Mkifika hospitalini, semeni anakunywa kiasi gani, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kwamba aliwahi kuanguka kifafa. Hilo la mwisho msilifiche kwa aibu, kwa sababu aliyewahi kuanguka hivyo huweza kupatwa na hali mbaya zaidi kila anapoachishwa tena, na daktari atamwandalia dawa mapema.