Jibu: Lehemu haiingii kwenye elbo ya shaba

Habari ndugu. Umesema lehemu (waya unaoyeyushwa kuunganisha paipu) inajiviringa vidonge na kudondoka badala ya kuingia kwenye elbo (kiungo cha kona cha paipu), ingawa moto unatosha. Angalia maji kwanza. Matone yaliyobaki ndani ya paipu yanazuia shaba kupita nyuzi 100, na lehemu isiyo na madini ya risasi inahitaji zaidi ya 200. Funga koki kuu, fungua bomba la chini kabisa maji yaishe, na la juu uliache wazi mvuke utoke.

Sugua ncha ya paipu na ndani ya elbo kwa msasa hadi zing'ae, paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike). Moto uelekee elbo; lehemu iguse upande wa pili. Ikivutwa ndani yenyewe, ondoa moto, usiitikise mpaka ipoe.

Koki kuu ikiwa inavuja na maji yanaendelea kuja, mimi ningeweka fitingi ya kubana kwa spana, isiyohitaji moto.