Maswali yenu: Prizimu inatoa rangi, mbona dirisha halitoi?

Tunaambiwa mwanga husafiri kwa mstari mnyooka. Sasa kwa nini upinde ukikutana na kioo?

Ndani ya hewa unakwenda mnyooka, na ndani ya kioo vilevile. Kona hukatwa mpakani tu. Sababu ni mwendo: katika ombwe, yaani mahali pasipo na hata hewa, mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hewani ni karibu hivyohivyo, lakini ndani ya kioo cha kawaida hushuka hadi kama 200,000. Ukiingia kimshazari, ukingo mmoja wa mwale hugusa kioo kabla ya mwenzake na kupunguza mwendo kwanza, huku ule mwingine bado uko hewani unakimbia. Lazima mwale ugeuke. Ukiingia wima, kingo zote hupunguza mwendo kwa pamoja na hakuna kinachopinda.

Dirisha nalo ni kioo. Mbona halitoi rangi kama prizimu, kile kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu?

Hili ndilo swali bora la safari hii. Ukweli ni kwamba rangi hutengana hata ndani ya dirisha. Mwanga mweupe ni mchanganyiko, na kioo hakizicheleweshi rangi zote sawasawa: zambarau huchelewa zaidi, kwa hiyo hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo kuliko zote. Lakini nyuso mbili za dirisha ziko sambamba. Kona ambayo kila rangi iliikata ikiingia, huikata kinyume wakati wa kutoka, kwa kiasi kilekile. Zote hutoka zikielekea upande mmoja kama mwanzo, zimesogeana kando kiduchu mno, jicho lisione kitu.

Prizimu haitoi nafasi hiyo. Uso wake wa pili umeinama kinyume na wa kwanza, hivyo mwale unapotoka hupinda tena kuelekea kitako, yaani upande wake mnene, uleule upande ulikopinda ukiingia. Kupinda kwa pili hakufuti kwa kwanza, kunaongeza.

Hata hivyo msidanganywe na michoro, inatia chumvi sana. Chukua prizimu yenye pembe za nyuzi 60, ya kioo cha kawaida, uigeuze mpaka mwale upotoke kwa kiasi kidogo kabisa kinachowezekana. Nyekundu huacha njia yake kwa nyuzi 38 na nusu hivi, zambarau kwa karibu 40. Tofauti yao haifiki nyuzi 2! Ukutani, umbali wa mita 3, ncha hizo mbili huwa zimeachana kwa sentimita 7 hivi.

Tutajuaje kwamba si kioo chenyewe kinachoupaka mwanga rangi?

Kabla ya Isaac Newton wasomi wengi walidhani hivyo, kwamba mwanga mweupe ni safi na prizimu ndiyo inayouharibu. Newton alianza majaribio yake mwaka 1666 na kuyachapisha 1672. Aliruhusu rangi moja tu ipite kwenye tundu la ubao, akaipitisha kwenye prizimu ya pili. Ilipinda tena, lakini haikubadilika rangi. Kama kioo ndicho kinachopaka, kile cha pili kingeshindwaje kupaka?

Mimi hunivutia zaidi kilichomtia shaka mwanzoni, nacho si rangi bali umbo. Jua ni duara na tundu alilolitoboa dirishani lilikuwa duara, kwa hiyo alitarajia doa la duara ukutani. Akakuta mkanda ambao urefu wake ulikuwa kama mara 5 ya upana.

Rangi za prizimu ni saba kweli?

Hapana. Mkanda hauna mipaka. Rangi moja huyeyukia nyingine. Newton mwenyewe mwanzo alitaja tano, kisha akaongeza ya chungwa na nili ili zilingane na noti za muziki. Ukihesabu sita, hakuna wa kukukosoa.

Kwenye CD, nyekundu ndiyo inayokengeuka zaidi. Imekuwaje?

Ni kazi nyingine kabisa. Uso wa CD una mistari myembamba iliyosongamana, na mawimbi ya mwanga yanayoruka kutoka humo hujumlishana au kufutana. Wimbi refu hutupwa mbali zaidi, na nyekundu ndiyo yenye wimbi refu.

Nasikia darubini za macho mawili zina prizimu ndani. Rangi zimekwenda wapi?

Humo prizimu inatumika kama kioo cha kujitazamia. Mwanga huingia wima, haupindi, kisha hugonga uso wa ndani kwa nyuzi 45. Kwa kioo cha kawaida, ukizidi takriban nyuzi 42 mwanga hauwezi tena kutoka, wote huakisiwa ndani.

Ninayo prizimu, lakini naona weupe wenye kingo za rangi tu.

Mwanga wako ni mpana, rangi zinapandiana katikati. Toboa mwanya wa milimita chache kwenye kadibodi, tia chumba giza, sogeza ukuta au karatasi mbali, mita 2 au zaidi. Zungusha prizimu polepole: mkanda utasogea, utasimama, kisha utaanza kurudi ulikotoka. Iache hapo uliposimama. Na usichungulie jua kupitia prizimu, hata kwa jicho moja.