Rafiki alinialika kwanza, baba mdogo anaozesha siku hiyohiyo: niende wapi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga. Rafiki yangu anaoa Jumamosi ya pili ya mfungo mosi, yaani Shawwal, baada ya Alasiri. Tangu mwezi wa Rajabu alinijia nyumbani akaniomba niwe shahidi wake, nikamkubalia. Wiki iliyopita baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ametangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba anamwozesha binti yake Pangani, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo. Mama anasema nikienda kwa rafiki nitakuwa nimeutupa udugu kwa ajili ya mtu wa pembeni. Rafiki huyu ndiye aliyeshuka nami kaburini tulipomzika baba. Niende wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Allah amrehemu baba yako, na azitie baraka nikaha zote mbili.

Nianze na jibu lenyewe usije ukakaa roho juu: nenda kwa rafiki yako. Yeye ndiye aliyetangulia kukualika, na neno lako ulishampa. Lakini tafadhali usiishie kusoma hapa ukakimbia kumwambia mama kuwa sheikh ameshakata shauri. Baba mdogo ana haki nzito kwako, na mama yako hakukosea kuiona. Nami sitaki jibu langu liwe kisu cha kukatia udugu.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi ya Ibn Umar iliyo kwa Bukhari na Muslim: "Akialikwa mmoja wenu kwenye walima, na auendee." Kwa hadithi hii na nyingine zinazofanana nayo, wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia huku pwani, wamesema kuitikia mwaliko wa walima, yaani karamu ya ndoa, ni wajibu kwa aliyealikwa, akiwa hana udhuru. Kisha wakajiuliza swali lako hasa: je, wakialika wawili? Wakajibu kwamba huitikiwa aliyetangulia. Mialiko ikifika pamoja, ndipo hutazamwa aliye karibu zaidi kwa nasaba, kisha aliye karibu kwa nyumba. Wakilingana katika yote hayo, hupigwa kura. Ipo hadithi kwa Abu Daud inayosema wakikutana waalikaji wawili umwitikie wa mlango wa karibu, na mmoja akitangulia umwitikie huyo. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu, lakini wanazuoni wameifanyia kazi maana yake.

Sasa tazama udugu umewekwa wapi katika mpangilio huo. Umewekwa mahali pa kuamua pale mialiko inapofika pamoja. Haukupewa nafasi ya kuuvunja mwaliko uliokwishafika na kukubaliwa. Rafiki yako alikuja Rajabu, ukaitikia. Baina ya Rajabu na mfungo mosi kuna Shaaban na Ramadhani nzima, na muda wote huo yeye amekuhesabu. Allah anasema katika Suratul Israa, aya ya 34: "Na timizeni ahadi, hakika ahadi itaulizwa."

Kuna watakaokwambia: shahidi si kitu, msikitini wamejaa watu, mtu yeyote muadilifu atasimama. Kweli, nikaha itasihi. Lakini niliwahi kukaa kuozesha nikiwa wakili wa walii, yaani wa ndugu mwenye haki ya kumwozesha binti, bwana harusi yuko mbele yangu, magoti yamegusana. Kila mtu akivua viatu mlangoni, kijana anageuza shingo. Pembeni yake palikuwa na mfuko, ndani yake kanzu imekunjwa vizuri, imeshonwa sare na yake. Ilikuwa ya rafiki aliyeahidi kuwa shahidi. Rafiki huyo hakuja. Tulisikia baadaye kuwa alialikwa na jamaa zake siku hiyo akaenda huko, wala hakupiga simu. Tukamwita mzee mmoja wa safu ya mbele akashuhudia. Nilipoushika mkono wa bwana harusi kiganja kilikuwa kimelowa, na kabuli yake ya kwanza, neno la kuikubali ndoa, haikusikika, ikabidi airudie. Kanzu ile ilirudi nyumbani kwenye mfuko wake. Kisheria hakuna kilichoharibika siku ile, na mimi mpaka leo sijaisahau.

Ama baba mdogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema, kama ilivyopokewa na Muslim, kwamba ammu wa mtu, yaani baba yake mdogo au mkubwa, ni pacha wa baba yake. Baba yako ametangulia mbele ya haki, basi kwa ammu yako ndipo ilipobaki harufu ya baba. Isitoshe, huyu mzee anamtoa bintiye. Ataangaza macho kwenye majamvi akiwatafuta wana wa kaka yake. Mama yako anajua hilo, ndiyo maana amesema kwa uchungu. Na hadithi ya Jubair bin Mut'im ni nzito: haingii peponi mwenye kukata udugu. Ila kukosa saa moja kwa sababu ya ahadi iliyotangulia, huku umeaga na ukaridhiwa, si kukata udugu. Udugu hukatwa na mtu asiyeaga, au anayenyamaza mpaka siku ipite kisha akazuka na salamu za mbali.

Umetaja kundi la WhatsApp. Ni kweli wanazuoni wameweka sharti kwamba mwaliko unaowajibisha ni ule uliokukusudia wewe, si wa kusema "kila mtu aje". Kwa kipimo hicho tangazo la kundini ni la jumla, halifikii mwaliko wa mtu aliyekujia mpaka mlangoni. Lakini nakuomba, hoja hii usiitumie kwa ammu yako. Kwetu ndugu wa damu haalikwi, kwa sababu shughuli ni yake. Ukimwambia baba mdogo "hukunialika kwa jina," utakuwa umejiweka mwenyewe katika wageni, na neno hilo halitoki moyoni mwa mzee kwa urahisi.

Kuna hali moja ingeyageuza maneno yangu yote. Lau baba mdogo angekuwa amefariki, na binti hana babu, kaka, mtoto wa kaka wala ammu, uwalii ungeweza kukufikia wewe mtoto wa ammu yake. Hapo ningekwambia uende Pangani na umwombe radhi rafiki yako, kwani hakuna nikaha bila walii. Lakini mzee yu hai, ataozesha kwa mkono wake, alhamdulillahi. Na kama kwenye mojawapo ya shughuli hizi kutakuwa na ulevi au maasi ya wazi usiyoweza kuyaondoa, wajibu wa kuhudhuria hapo unaanguka.

Basi fanya hivi. Anza na mama, na usimjibu kwa hadithi. Kaa naye chini, mwambie: "Mama, nilishaahidi, nami naogopa kuvunja ahadi." Mkumbushe kwa upole ni mikono ya nani iliyompokea baba kaburini. Huenda neno "mtu wa pembeni" akalirudisha mwenyewe. Kisha umwombe muende wote Pangani, wiki hii, usingoje shughuli ikaribie. Ni mwendo mfupi kutoka Tanga, huna sababu ya kumalizia jambo hili kwenye simu.

Mwambie baba mdogo ukweli ulivyo. Usiseme utaumwa, usisingizie gari wala kazi. Uongo wa udhuru wa harusi watu wengi wanauona mdogo, na hufichuka picha za harusi ya pili zikianza kupita kwenye simu. Mwambie ulimwahidi mwenzako tangu Rajabu, kisha muombe ruhusa. Wazee wetu wengi wakiombwa ruhusa hutoa, kinachowauma ni kupuuzwa.

Akisema, "Mwanangu, nakutaka ubavuni mwangu siku hiyo kwa sababu kaka yangu hayupo," usimkatalie palepale. Rudi kwa rafiki yako umweleze kama yalivyo. Haki ya mwaliko ni yake, na mwenye haki akiridhika na udhuru wako, wajibu umekuondokea. Akikwambia kwa moyo safi, "Nenda kwa ammu yako," nenda Pangani bila dhambi, na umtafutie shahidi mwingine wewe mwenyewe. Ukimwona anasema "nenda" na uso umeshuka, hiyo si ridhaa. Baki naye, na umrudishie ammu yako jibu kwa adabu.

Na ukibaki Tanga, siku zako za Pangani zitakuwa zile za kabla. Nenda Alhamisi. Shughuli ya kuozesha ina kazi ya vijana: kusimamisha turubai, kubeba masufuria, kuchinja, kukatakata nyama usiku kucha. Peleka mchango wako mapema, mkononi mwa mzee mwenyewe. Lala huko Ijumaa, na Jumamosi baada ya Alfajiri uage, upande gari la kurudi Tanga kabla jua halijapanda, ukaoge na uvae kanzu yako. Jumapili au siku inayofuata rudi na mama kutoa mkono wa kheri. Dua ya Mtume kwa maharusi haina siku ya mwisho: "Baarakallahu laka, wa baaraka alayka, wa jamaa baynakumaa fii khayr."

Alhamisi hiyo ukifika Pangani, pita kwanza kwa baba mdogo umsalimie kabla hujaenda jikoni.

Wallahu aalam.