Kuandika 感 isigeuke 惑

Ndugu, umeuliza kwa nini herufi yako ya Kichina 感 (gǎn, hisia) husomwa 惑 (huò, mkanganyiko), na lini utumie 感觉 (gǎnjué) badala ya 感到 (gǎndào), yote mawili yakiwa na maana ya kuhisi.

Mwandiko kwanza, maana hapo ndipo wengi hukwama. 感 ina mistari 13: 咸 juu yenye 9, na 心, yaani moyo, chini yenye 4. Anza na mlalo wa juu, shusha mstari mrefu wa kushoto, weka mlalo mfupi ndani, kisha 口 chini yake. Ndipo uvute ule mrefu wa kulia wenye ndoano, uukate kwa mshazari na kutia nukta. Moyo uje mwisho. Tazama sana ule mlalo mfupi: kwenye 感 uko juu ya 口, kwenye 惑 uko chini yake, na ukuta wa kushoto haupo. Ukiteleza hapo, hisia imekuwa mkanganyiko.

感到 ni kitenzi tu: 我感到很累, nahisi uchovu sana. 感觉 ni kitenzi na nomino pia, kwa hiyo 我的感觉, hisia yangu, ni sahihi, 我的感到 si sahihi. Ukivutiwa na kitu, kitangulize na 对 (duì): 我对汉语感兴趣, navutiwa na Kichina. Kusema 我感兴趣汉语 ni kosa la kila siku.

Katika gǎnjué na gǎndào, sauti ya gǎn ibaki chini, usiipandishe mwishoni. Hii ndiyo toni ya tatu, ile ya chini; hupanda ikifuatwa na toni ya tatu nyingine, kama 感染 (kuambukiza), inayotamkwa gánrǎn.

Kwa mazoezi, andika 感 na 惑 kwa zamu kwenye daftari la miraba, ukitaja kila mara mlalo uko wapi.