Unga unaorudi kwenye teminali za betri

Ndugu yangu, kama umesafisha teminali, yaani vichwa vya betri ya gari ambako nyaya hufungwa, mara tatu na ule unga unaoota hapo unarudi ndani ya wiki mbili, kusafisha peke yake hakutakusaidia. Mvuke wa asidi unatoka mahali, na hapo ndipo pa kutafuta.

Anza na chaji. Washa gari, weka mita ya volti kwenye betri: ikisoma kati ya 13.8 na 14.7 volti, sawa. Ikipita 15, alteneta (mashine ya gari inayochaji betri) inachaji kupita kiasi na betri inachemka. Peleka kwa fundi umeme. Kisha angalia shina la kichwa cha betri, pale risasi inapoingia kwenye plastiki. Yangu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kila asubuhi palikuwa na unyevu. Hiyo haina dawa, nilibadilisha betri. Na kama ni ya kujaza maji, usivuke alama ya juu, maana yanayofurika hubeba asidi.

Kusafisha: fungua waya wa hasi kwanza, mimina maji ya uvuguvugu yenye magadi, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa. Povu likiacha kutoka, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha kabisa. Ukifunga, anza na chanya, kaza, ndipo upake grisi juu yake. Tafadhali vaa glavu na miwani, asidi haina huruma na macho.

Waya ukiwa na rangi ya kijani hadi ndani ya mpira, kata kipande hicho au ubadilishe wote.