Kabini moja, bodi tano: malori ya vita ya Mwingereza kwa asiyetaka kungoja kiwanda

Kwenye duka la modeli za plastiki za kuunganisha, mgawo haujawahi kuwa wa haki. Kifaru cha Kijerumani kilichotengenezwa kwa mamia tu kina seti tele, tena kila mwaka kinapata nyingine. Lori la Kiingereza lililotoka kiwandani kwa makumi ya maelfu lina seti moja au mbili, au limesahauliwa kabisa. Kwa miaka mingi mtu wa skeli ya 1/35 (modeli ndogo mara 35 kuliko gari halisi) aliyetaka kulisogeza jeshi la Mwingereza alianzia kwenye Quad ya Tamiya inayokokota mzinga wa ratili 25 na Chevrolet ndogo ya Kanada kutoka Italeri, na hakuwa na pengi pa kwenda baada ya hapo.

Hali imebadilika, tukubali. IBG ya Poland imetoa Bedford QL za namna kadhaa, na Scammell Pioneer. ICM ya Ukraine imetoa Ford WOT 6, WOT 8 na Leyland Retriever. Gecko wana Bedford MW, AFV Club wana AEC Matador, na gari la wagonjwa la Austin K2/Y limetolewa na Gecko na Airfix pia. Lakini Bedford OY, lori la tani 3 lililotengenezwa zaidi ya 70,000, kwa seti bado liko nyuma ya mdogo wake QL aliyezidi 50,000 kidogo. Anayejenga safu ya malori kumi barabarani anajikuta ana lori lile lile mara kumi.

Dawa ipo, na haianzi kiwandani. Jeshi la Mwingereza lilinunua chesesi (fremu ya chini ya gari) na kabini, kisha likapandisha juu yake bodi ya kazi iliyohitajika. Chesesi ya QL ilibeba bodi ya mizigo (QLD), bodi ya askari (QLT), chumba cha redio (QLR), tenki la mafuta (QLC), na ikakokota mzinga wa Bofors (QLB). MW ya kubeba ratili 1,680, ile Waingereza waliyoiita ya "15 hundredweight", ilikuwa gari la mizigo, la maji, la redio na la kukokota mzinga mdogo. Kilicho kigumu kuunda kwa mkono ni kabini na magurudumu, kwa sababu yana mikunjo. Bodi ni mbao na mabati yaliyonyooka. Kwa hiyo nunua seti kwa ajili ya kabini na chesesi, bodi uijenge mwenyewe.

Anza na kipimo kimoja unachokiamini: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bedford QL ni inchi 143, yaani mm 3,632. Kwenye 1/35 hiyo ni mm 103.8, kwenye 1/48 ni 75.7, kwenye 1/72 ni 50.4, na kwenye 1/76 ni 47.8. Bedford OY ni inchi 157, sawa na mm 113.9 kwenye 1/35. MW ni inchi 99, sawa na mm 71.8. Pima seti kabla hujakata kitu, maana maboksi ya zamani yana tabia ya kudanganya. Na usichanganye 1/72 na 1/76 kwenye meza moja. Seti nyingi za zamani za Airfix ni 1/76, skeli iliyotoka kwa watu wa modeli za reli za kipimo cha OO. Tofauti ya asilimia tano inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini QL ya mita 6 inapungua zaidi ya mm 4, na kabini zikisimama pamoja jicho linaiona mara moja.

Ukishakuwa na kipimo hicho, picha yoyote nzuri ya ubavuni inakuwa mchoro. Tuseme kwenye picha umbali wa ekseli ni mm 80. Gawa 103.8 kwa 80, unapata 1.2975. Kila unachopima kwenye picha, zidisha kwa hiyo: bodi ya mm 75 kwenye picha ni mm 97.3 kwenye modeli. Kinachoharibu hesabu hii ni picha iliyopigwa kwa pembe, au kwa karibu mno. Pima gurudumu la mbele na la nyuma kwanza. Yakitofautiana kwa zaidi ya nusu milimita, tafuta picha nyingine. Kumbuka pia kwamba ubavu wa bodi uko karibu na kamera kuliko kabini ikiwa bodi ni pana zaidi, kwa hiyo utaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Sasa plastiki. Ubao wa inchi moja kwenye 1/35 ni mm 0.73, kwa hiyo karatasi ya plastiki ya mm 0.75 ndiyo ya kuta za bodi. Sakafu iwe mm 1, mabano na bawaba zitoke kwenye mm 0.5 na 0.25. Kwenye 1/72 gawa yote kwa mbili. Karatasi za dukani zikiwa ghali au hazipatikani, geuza vifungashio vya vyakula uangalie pembetatu: namba 6 ni polistirini, inashikana vizuri na gundi ya modeli. Namba 5 achana nayo, hakuna gundi ya modeli itakayoiyeyusha.

Chora mistari ya mbao kabla ya kukata kuta, ukitumia mgongo wa kisu na rula ya chuma, kupita mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi. Ukitumia makali, plastiki inapanuka pande mbili na kuacha matuta. Yapitishie msasa namba 400 kisha 800. Gandisha sakafu kwanza juu ya mihimili yake, kisha ukuta wa mbele, kisha za ubavuni, mlango wa nyuma mwisho. Ukianza na kuta nne kama boksi, sakafu haitaingia, au itaingia kwa nguvu na kuivimbisha bodi.

Kosa linalouma zaidi huja baada ya wiki mbili. Bodi ilikuwa imenyooka, sasa imejikunja kama samaki wa kukaanga. Gundi ya maji maji ilifungiwa katikati ya karatasi mbili pana zilizobandikwa uso kwa uso, ikakosa pa kutokea, ikaendelea kulainisha plastiki. Ukilazimika kubandika karatasi mbili, toboa ile ya ndani matundu ya mm 1 kila baada ya sentimita moja, paka gundi kidogo pembezoni tu, kisha weka chini ya kitabu kizito siku nzima. Ndani ya chumba cha QLR kisichofunguka, weka nguzo za kukatiza kila sentimita 2.

Chesesi igandishwe juu ya kioo chenye karatasi ya mraba chini yake. Lori lenye gurudumu moja lililoinuka ni ugonjwa wa kila fundi mwenye haraka. Weka ekseli, subiri dakika kumi gundi ianze kushika lakini isikauke, simamisha magurudumu yote kwenye kioo na bonyeza pole pole. Hapo bado unaweza kulinyoosha. Kesho huwezi.

Ukitaka kugeuza QLD kuwa QLT, lori la askari 29 pamoja na mizigo yao, bodi ndefu peke yake haitoshi. Chesesi ya QLT ilibadilishwa na kurefushwa nyuma ili ibebe urefu ule. Ukipandisha bodi ndefu juu ya chesesi ya QLD, mkia unaning'inia hewani. Refusha kwa vipande vyenye umbo la U, na viunge kwa ndani na plastiki ya mm 0.5, maana kiungo cha ncha kwa ncha kitakatika siku utakapokamata modeli kwa nyuma.

Turubai ndilo linalowashinda wengi, na ndilo linalolifanya lori la Kiingereza lionekane la Kiingereza. Matao yake tengeneza kwa waya wa umeme wa nyumba wa 1.0 mm², ule wenye uzi mmoja. Kipenyo chake ni mm 1.13, kinafaa kwa 1/35. Vua plastiki, bana ncha moja kwenye jiliwa, vuta ncha ya pili kwa koleo mpaka uhisi waya umelegea kidogo. Umenyooka. Kunja matao yote kwenye kibao kimoja chenye misumari ili yafanane. Kwa 1/72 tafuta waya wa nusu milimita.

Kitambaa chenyewe: tishu ya tabaka moja na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usiitandaze juu ya matao matupu, itadidimia katikati na lori litafanana na ngamia mwenye njaa. Chonga boksi la sponji ngumu la maua, liingie ndani ya matao likiwa chini yao kwa mm 1 tu, lifunike na nailoni, ndipo utandaze tishu. Ikikauka unalitoa. Kamba ni uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa ili manyoya yalale.

Matairi yana hesabu yake. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni rimu. Urefu wa ukuta wa tairi unakaribiana na upana, kwa hiyo 10.50-20 ya QL ni 20 jumlisha mara mbili ya 10.5, takriban inchi 41 hadi 42. Kwenye 1/35 tairi liwe karibu mm 30. Tairi za seti zikiwa ndogo kuliko hapo kwa zaidi ya milimita moja, zibadilishe. Za mpira laini zina hila nyingine: mafuta yake huyeyusha rimu ya plastiki taratibu. Paka rimu tabaka mbili za rangi ya mafuta na uache ikauke kabisa kabla ya kuvisha. Mwisho, sugua sehemu inayokanyaga ardhi kwa mm 0.3 hadi 0.5, maana lori la tani 3 halisimami juu ya ncha ya tairi.

Kabla ya rangi, chagua tarehe. Bedford QL ilianza kutoka mwaka 1941. Kuiweka Dunkirk mwaka 1940 ni kosa ambalo puti haliwezi kulifunika. Huko peleka OY, MW au Retriever ya mapema. Kuanzia 1942 magari ya Uingereza yalikuwa kahawia ya SCC 2 (namba ya rangi ya jeshi), mara nyingi na madoa meusi ya mviringo juu, mtindo uliopewa jina la masikio ya Mickey Mouse. Aprili 1944 ilikuja SCC 15, kijani cha zeituni, lakini magari yaliyopo hayakusimamishwa yote yapakwe upya, kwa hiyo safu ya Normandi yenye kahawia na kijani pamoja ni sahihi kuliko yenye kijani kitupu. Namba ya jeshi nayo ina herufi yake: L kwa malori, Z kwa magari ya mizigo ya tani moja kushuka chini, A kwa ya wagonjwa, H kwa ya kukokota. MW yenye L ubavuni ni kosa. Na difu ya nyuma ipake nyeupe: dereva wa nyuma aliifuata usiku ikiwa imemulikwa na taa ndogo chini ya bodi.

Kwa wasomaji wa pande zetu kuna safu mbili zinazostahili meza, na chache zimejengwa. Ya kwanza ni ya 1941, kutoka Kenya kupitia Mogadishu, iliyotekwa Februari 25, hadi Addis Ababa Aprili 6. Hapo hakuna QL. Tafuta Ford na Chevrolet za muundo wa Kanada zenye kabini za namba 11 au 12. Kabini namba 13, yenye kioo kilichoegemea ndani kwa chini, ilikuja baadaye. Ya pili ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Burma, 1944, iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika hadi Kalewa mwezi Desemba. Alama yake ni kichwa cha kifaru, mnyama wa porini, si cha chuma. Matope yake yasiwe vumbi jekundu la Voi: tumia plasta iliyochanganywa na rangi ya kahawia nzito na gundi nyeupe, ipande hadi juu ya ekseli.

Na wanaotaka kuandikia viwanda, waandike kwa lugha ya kiwanda. Kalibu ya chuma ni ghali, na hurudisha gharama kwa kutoa matoleo mengi. Ombi la "tupeni Bedford OY" ni kilio tu. Ombi lenye uzito linasema: kabini na boneti moja, chesesi ya inchi 157, bodi ya mizigo na tenki la mafuta kwenye fremu tofauti, kisha chesesi fupi ya inchi 111 kwa OX, kwa kabini ile ile. Ongeza kwamba jeshi la anga nalo lilitumia malori haya, kwa hiyo mnunuzi wa ndege za 1/48 na 1/72 yumo pia. Taja jumba la makumbusho lenye gari lililosalia linaloweza kupimwa, na ambatisha picha za upande wa chini, difu, springi na tenki, kila moja ikiwa na rula iliyolazwa ndani ya picha.