Maswali ya wasomaji: Blanketi la viraka la darasa zima

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga, nina watoto 30 wa miaka mitano sita, nataka kabla ya mahafali tushone blanketi moja la viraka, kila mtoto na kiraka chake. Bajeti sina, cherehani ntaazima. Wenzangu wanasema watoto watachomana sindano tu. Nianzie wapi?
Ticha wa Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. 30 ni namba nzuri, viraka sita kwa vitano. Kata sentimita 22 kila upande, ukitoa sentimita moja moja ya mshono vinabaki 20, kwa hiyo blanketi linatoka 120 kwa 100 na khanga moja inatosha kabisa kuwa mgongo, kinachozidi unakikunjia juu kinakuwa pindo. Ila soma jina la khanga kwanza jamani, usije ukabandika kijembe halafu siku ya mahafali kuna mama akajua kasemwa yeye!

Viraka vikate kwenye mashuka meupe ya zamani ya pamba, watoto wachore kwa kalamu za nta, we weka karatasi juu upige pasi ya moto, nta inanyonywa na karatasi rangi inabaki. Vipande vya kitenge omba kwa mafundi, wana mifuko na mifuko, ila vifue kabla maana vingine vinachuja vibaya.

Sasa sindano. Wape, ila wanne wanne kwenye mkeka na we umekaa hapo hapo, wengine wanachora. Chukua sindano yenye tundu kubwa, uzi ufunge fundo pale pale tunduni, la sivyo utashinda unatunga uzi mpaka kengele ilie. Mtoto achague kipande kimoja cha kitenge akishone juu ya kiraka chake, umwekee vidoti vya penseli, apige bandi chini juu chini juu, hata mishono mitano inatosha. Ikienda upande iache hivyo hivyo, ticha anayefumua usiku na kushona upya mi simwelewi kabisa, si bora ashone peke yake tu?

Kuunganisha ni kazi yako na cherehani. Katikati weka blanketi jembamba kuukuu, halafu zile pembe 20 viraka vinapokutana funga fundo mbili za uzi mnene, tabaka hazitahama. Kata na viraka viwili vya akiba, kuna atakayemwaga uji. Kufua ni maji baridi, kwa mkono.